Mchanga kwenye Bada

Mwaka juzi rafiki yangu mmoja, dada kutoka Polandi aliyekuwa Dar es Salaam kwa kazi ya mwaka mmoja, aliniuliza swali ambalo nililichukulia kirahisi. Mtu akitaka chakula cha Kipolandi hapa mjini, kile cha asili kabisa, anakula wapi? Nikacheka. Nikamwambia Dar ina Wahindi, Wachina, Wahabeshi na Wayemeni, kila mmoja na jiko lake, lakini Wapolandi sijui wamejificha wapi. Ukitaka wali maharage twende sasa hivi. Hakucheka. Alikuwa na ile sura ya mtu mwenye njaa ambayo wali hauiondoi.

Akaanza kunihesabia miji. Warsaw, alisema, huhitaji pesa nyingi, unaingia kwenye kile wanachokiita bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Pombe hakuna humo. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1896, ikiuza vitu vya maziwa, mayai na unga, na wakati wa ukomunisti zikaenea kila mtaa kwa sababu mfanyakazi alipaswa kula kwa bei anayoimudu. Mpaka leo baadhi yake zinapata ruzuku ya serikali. Unasimama kwenye foleni, mama aliyevaa aproni anakuitia sahani yako bila tabasamu, unakula, unaondoka. Nikamwambia huyo ni mama lishe mwenye ruzuku. Hapo akacheka. London, akaendelea, kuna Daquise, mgahawa ulioanza mwaka 1947 pale South Kensington, ambako Wapolandi walioshindwa kurudi kwao baada ya vita walikuwa wakikaa na supu yao ya viazisukari vyekundu. Chicago kuna barabara ya Milwaukee, ambako zamani ungeweza kununua soseji, mkate na gazeti bila kutamka neno la Kiingereza.

Lakini Dar? Mwishowe tukakubaliana apike mwenyewe, kwangu, Tabata.

Akapika pierogi. Kwa asiyezijua, ni kama sambusa zilizokataa kukaangwa: unga wa ngano unasukumwa, unakatwa viduara kwa mdomo wa glasi, unajazwa, unakunjwa na kuchemshwa, kisha juu unamwagiwa vitunguu vilivyokaangwa. Viazi vilikuwa vya Lushoto. Jibini yao nyeupe hatukuipata, kwa hiyo akapasha moto mtindi mpaka ukakatika, akauchuja kwa kipande cha kanga mpya niliyoinunua kwa kazi hiyo. Unga tukausukuma kwa kibao changu cha chapati. Saa tatu nzima jikoni. Nikala kumi na moja, nikasema kwa dhati ya moyo wangu, "Tamu sana!"

Akakunja uso. Nikadhani nimemkosea adabu kwa namna fulani. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kujitahidi: "Wewe huwezi kujua. Mimi nataka mtu wa kuniambia unga umekuwa mgumu."

Usiku ule sikulala vizuri, na zile pierogi kumi na moja hazikuwa na kosa. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu, na jambo nililomfanyia miaka michache nyuma, ambalo mpaka siku hiyo nilikuwa nalihesabu kama wema.

Bibi ni mtu wa Masuguru, kule Korogwe na Handeni, Mzigua wa kumwona kwa mbali. Aliletwa Dar kwa ajili ya macho, akakaa kwangu wiki tano akisubiri tarehe za hospitali. Wiki ya kwanza alikula kila kitu na kunitania. "Marahaba, mume wangu, leo mkeo unanilisha nini?" Wiki ya pili akaanza kuacha nusu sahani. Wiki ya tatu akawa anakunywa chai tu. Nilijaribu samaki, nikajaribu ndizi, nikajaribu hata kuku wa kukaanga wa dukani, ambaye alimtazama kama mtu anayetazama ajali. Mwisho akasema anataka bada. Bada tu, na mlenda.

Bada, kwa msomaji asiye wa Tanga, ni ugali wa muhogo. Muhogo unamenywa, unakaushwa kuwa makopa, unatwangwa, unachekechwa, na unga wake ukisongwa unatoa ugali wa kijivujivu unaovutika. Wapo wanaosema unafanana na gundi. Hao tuwaache.

Nikaanza kuulizia: Dar es Salaam mtu anakula wapi bada? Na hapa lazima niseme kitu kuhusu ile migahawa iliyoandikwa "vyakula vya asili" kwenye kibao. Nilikwenda miwili. Ukutani wametundika vibuyu na vinu vidogo visivyoweza kutwanga hata karafuu, wahudumu wamevalishwa vitenge sare, na menyu ina makande kwa bei ya mchele wa wiki. Bada hawakuwa nayo. Kijana mmoja aliniuliza kama namaanisha "badae". Niliipata Buguruni, kwa mama lishe mmoja mwenye asili ya Muheza, chini ya turubai, siku za Jumanne na Ijumaa tu. Nikabeba kwenye hotpoti.

Njiani ndipo nilipotunga uongo. Niliona bibi akijua ni ya kununua hataila, maana kwake chakula cha kununua ni cha msafiri na mhuni. Kwa hiyo nilipofika nikamwambia bibi mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja aliyebaki Masuguru, ametuma unga kwa basi, na mimi nimempa jirani ausonge. Uso wake ukafunguka. Akanawa. Akamega tonge la kwanza, akatafuna, akanyamaza. Akamega la pili. Alikula yote, polepole sana, bila kusema neno, nami nikakaa pembeni nikijipongeza. Jumanne nyingine nikaleta tena. Na Ijumaa. Mpaka anaondoka alikuwa amerudisha mwili.

Sasa, uongo wa namna hii tumezoea kuupima kwa mizani mbili. Ya kwanza inasema uongo ni uongo, hata wa kumlisha mgonjwa. Ya pili inauliza umemdhuru nani: bibi kala, kapona, kosa liko wapi? Kwa muda mrefu nilisimama kwenye mizani ya pili na sikuona hata gramu moja ikining'inia upande mbaya. Tena nilikuwa na hoja. Nilijiambia muhogo wenyewe si wa kwetu kwa damu. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na meli za Wareno. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Hata viazi vya yule dada, ambavyo Mpolandi hawezi kujieleza bila kuvitaja, vilitoka Andes. Kama asili ni suala la kilipotoka kitu, basi bibi na Mpolandi wote wanakula kwa mkopo wa watu wa Amerika, na bada ya Buguruni na ya Masuguru ni ndugu.

Hoja hii inapendwa sana siku hizi. Inamfanya mtu aonekane mjanja. Lakini ile kauli ya "mtu wa kuniambia unga umekuwa mgumu" iliitoboa, na nimekuwa nikilitazama lile tobo tangu hapo.

Chukua hizo pierogi zenyewe. Zile za viazi na jibini nyeupe zinaitwa ruskie. Asiyejua atadhani maana yake ni za Kirusi, lakini jina linatokana na Ruthenia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ukraine. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, baadhi ya migahawa ya Polandi ilifuta jina hilo kwenye menyu na kuandika za Kiukraine. Tonge lile lile, jina jipya. Unaweza kusema ni siasa za kibao tu. Lakini kumbuka ni watu gani walikuwa wakila vitu hivyo katika maeneo yale kabla ya vita, na kumbuka wengine wao walikuja kulala wapi.

Walikuja kulala Tengeru. Septemba 1939 Ujerumani iliingia Polandi kutoka magharibi, na Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Kuanzia 1940 Wasovieti waliwasomba watu wa upande ule wa mashariki, familia nzima nzima, hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1941, Hitler alipoigeukia Urusi, wakafunguliwa. Mwaka 1942 maelfu wakavuka kwenda Irani pamoja na jeshi la Jenerali Anders. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake na watoto wakatawanywa, wengine India, wengine Mexico na New Zealand, na maelfu wakaletwa kwetu huku: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro hapa Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na ziwa Duluti, nje kidogo ya Arusha. Watu wapatao 5,000, kwenye vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kienyeji, wakiwa na shule, kanisa, hospitali na shamba. Yapo makaburi yao mpaka leo, karibu 150, yanatunzwa. Rafiki yangu alikwenda kuyaona na akarudi kimya.

Vita vilipoisha, kwao hapakuwepo tena. Mpaka ulikuwa umesogezwa, na vijiji walivyotoka vingi vilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Wengine wakaenda Uingereza kuungana na waume na baba zao waliopigana, wengine Kanada, wengine Australia. Inawezekana kabisa kwamba kuna mtoto aliyekula maembe ya Tengeru akaja kukaa kwenye meza ya Daquise akiwa kijana.

Sasa niambie, mama wa Tengeru aliyekunja pierogi mwaka 1943 kwa unga wa kambi na maziwa ya ng'ombe wa Meru, alikuwa anapika chakula cha asili au hapana? Kwa kipimo cha viungo, hapana. Kwa kipimo cha ardhi, hapana kabisa, yuko kilomita maelfu, na ardhi yenyewe inabadilishwa jina nyuma ya mgongo wake. Lakini alikuwa na kitu ambacho rafiki yangu hakuwa nacho Tabata. Kibanda cha jirani kulikuwa na mwanamke mwingine wa kutoka kule kule, na mwanamke huyo angeweza kuonja na kusema: hizi umezichemsha kupita kiasi, mama yako asingekubali.

Mimi naamini chakula cha kwenu ni kile ambacho bado yupo mtu mwenye haki ya kukikosoa. Mgeni hawezi. Mgeni atasema tamu sana, kama mimi, na kwa kweli ni tamu, lakini sifa yake haina uzito kwa sababu lawama yake isingekuwa na uzito. Mteja wa mgahawa naye hawezi. Akilalamika atabadilishiwa sahani na kuombwa radhi, na kuombwa radhi si kukosolewa. Anayeweza ni yule ambaye ulimi wake ulifundishwa na mkono ule ule uliofundisha wako. Ndiyo maana orodha za "wapi pa kula" zinatuacha na njaa. Zinatuelekeza kwenye sahani, wakati tulichokosa ni hakimu.

Mfano mwingine ni wa kwetu kabisa. Miaka ya 1830, ukame na njaa viliipiga nchi ya Wazigua. Wajukuu wa walioondoka wanasimulia kwamba babu zao walishawishiwa pwani kwa ahadi ya chakula na kazi, wakapandishwa majahazi, wakajikuta watumwa Somalia. Wengi walitoroka baadaye, wakajitengenezea makazi kando ya mto Juba, wakalima, na wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, vita vikawasomba. Wengine wakakimbilia kambi za Kenya na baadaye Marekani. Wengine wakarudi Tanzania, wakawekwa upande wa Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo, na wengi wao wakapewa uraia. Miaka mia moja na hamsini na ushee, wakarudi wakiitana kwa Kizigua na majirani ambao mababu zao hawakuondoka.

Na vyungu vyao? Walirudi wanakula soor, ambayo ni ugali wa mahindi wa Kisomali, na anjera, na wali wenye viungo vya kule. Nani anathubutu kuwaambia si chakula cha kwao? Lakini vile vile nani aliyebaki wa kumwambia mama wa Chogo kwamba bada yake imelegea, kama hakuwahi kuisonga? Lugha walibeba. Uwezo wa kukosolewa kwenye bada nadhani ulikufa mahali fulani kati ya Pangani na Juba, na badala yake ukazaliwa mwingine, kwenye soor. Sioni huo kama msiba. Ila naona kwamba kitu hiki kinaweza kufa hata pale unga unapopatikana tele, na kinaweza kuzaliwa upya mahali ambapo hakikutarajiwa.

Najua kuna atakayesema ninalisifia jambo ambalo limewaliza wanawake wengi. Ni kweli. Hakimu huyu huyu ndiye mama mkwe anayesukuma sahani mbali mbele ya wageni. Ndiye shangazi anayemwambia bi harusi wa kabila jingine kwamba mwanetu atakonda. Haki ya kukosoa ikishikwa na mtu mwenye roho mbaya ni fimbo. Sina dawa ya hilo, na sitajifanya ninayo. Nasema tu kwamba asiyeipata fimbo hiyo kabisa, kama yule dada jikoni kwangu, naye analia.

Basi turudi kwa bibi, maana sikumaliza.

Alirudi Masuguru akiwa ameona vizuri. Nilimpandisha basi Mbezi, akaniombea dua ndefu mpaka kondakta akaanza kugonga bodi. Siku tatu baadaye simu ikapigwa, si yeye, ni bibi mdogo. Anaongea kwa shida. Anauliza: mjukuu wangu, ni unga gani huo niliokutumia?

Ile bada ya Buguruni ilikuwa na mchanga. Mimi sikuuhisi, nilikuwa nimeonja kidogo tu na kuona iko sawa. Bibi aliuhisi tonge la kwanza. Kwa mtu wa kule, mchanga kwenye bada una maana moja: makopa yameanikwa kando ya barabara, chini, badala ya juu ya kichanja au mwambani. Ni kazi ya mvivu, au ya mtu aliyechoka kabisa. Na nilikuwa nimemwambia unga ni wa mdogo wake. Kwa hiyo wiki tatu, kila Jumanne na Ijumaa, alikuwa anatafuna mchanga kimya kimya na kuwaza kwamba mdogo wake amezeeka, au anaumwa na hasemi, au ameanza kudharau mikono ya mama yao. Hakuniambia kwa sababu hauwezi kumsema ndugu yako mbele ya mjukuu. Alisubiri afike nyumbani, akamsema uso kwa uso. Alimsema vibaya. Bibi mdogo, ambaye hakutuma hata kibaba, akalia siku nzima.

Ile mizani yangu ya pili, ya nani kadhurika, ilikuwa imepima watu wawili tu: mimi na mgonjwa. Nilisahau kwamba bada ina wenyewe. Chakula cha kununua hakina jina la mtu, unaweza kudanganya juu yake na asiumie yeyote. Hiki nilikibandika jina. Na nikamnyang'anya bibi kitu kile kile alichokuwa na njaa nacho, maana angejua ni ya Buguruni angesema papo hapo, tena kwa raha, kwamba huyo mama wa Muheza hajui kuanika, angecheka, angeacha nusu, na siku hiyo angekuwa nyumbani.

Sikuweza kuomba radhi kwa simu. Nilikwenda. Nikashuka Korogwe asubuhi, nikachukua bodaboda. Bibi hakunisalimia kwa utani wa mume wangu. Aliniitikia marahaba tupu akaniachia kiti. Nikaeleza yote, mbele yao wote wawili, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Walinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenipigia kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Bibi mdogo akanyanyuka, akaingia jikoni. Nikasikia chekecheo, kisha mwiko. Akaja na sahani, akaiweka mbele yangu, bada inatoa moshi, mlenda pembeni. Hakukaa. Akasimama, mikono kiunoni.

"Kula."

Nikala tonge moja. Ilikuwa nyororo, haina hata chembe. "Nzuri sana, bibi."

"Sikukuuliza kama nzuri," akasema. "Nimeisonga haraka, nina hasira, kuna kitu nimekosea. Sema ni nini."

Nikamtazama bibi. Akageuza uso upande wa mlangoni. Nikamega la pili, nikatafuna polepole, nikitafuta.